Mkono Usio na Kazi: Safari ya Lutindi na Moshi

Ukipanda basi Tanga asubuhi kwenda Moshi, utafika Korogwe jua lingali changa. Hapo abiria wengi hununua machungwa na mahindi ya kuchoma, kisha huketi tena wakingoja dereva apige honi. Safari hii nakuomba ushuke. Tazama upande wa kaskazini, ilipo milima ya Usambara. Huko juu, mbali na joto la mashamba ya mkonge, ndiko Lutindi. Nataka tupande pamoja, kisha turudi barabarani tuendelee mpaka Moshi. Katika sehemu hizi mbili iko dawa moja ambayo watu wengi wa vijijini kwetu hawajaisikia, na kwa kutoisikia wanawapoteza wagonjwa wao wangali hai.

Dawa yenyewe si kidonge wala sindano. Ni kazi. Wataalamu wetu huiita tiba kwa vitendo. Wengine husema tiba kazi. Nakuomba usicheke. Hata mimi niliposikia habari hii mara ya kwanza nalijiuliza, mgonjwa na kazi wapi na wapi? Basi twende tukaone.

LUTINDI

Njia ya kupanda ni ya kona nyingi, na udongo wake wakati wa masika huteleza kama sabuni. Ukifika juu utavuta koti lako, maana hewa ni ya baridi. Utaona majani ya chai yamefunika vilima kama mkeka wa kijani.

Mwaka 1896 wamisionari Wajerumani walifungua hapo nyumba ya kulelea watoto waliookolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1904 wakaanza kupokelewa watu wenye maradhi ya akili, na tangu hapo Lutindi imekuwa hospitali yao, mojawapo ya zile za kwanza kabisa katika Afrika ya Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na hupokea wagonjwa wa dini zote na makabila yote.

Huko wagonjwa hupewa dawa kama katika hospitali nyingine. Lakini wakipata nafuu hawaachwi kuketi ukutani kutwa kucha wakitazama miguu yao. Huingia katika chai, katika bustani, na katika kazi za mikono. Nalikwenda kumsalimu kijana mmoja wa kijijini kwetu. Nyumbani alikuwa amekatazwa kila kitu: asishike panga, asichote maji, asitumwe dukani. Ndugu zake hawakuwa watu wabaya, waliogopa. Lakini siku zilivyopita yule kijana akawa kama mgeni katika nyumba ya baba yake. Wewe wajua wahenga walivyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikaa miaka miwili bila kupewa jembe.

Nalimkuta bustanini. Tulisalimiana, nikataka tukae tuzungumze, naye akaniambia, “Karani, ningoje kidogo. Leo nina zamu.”

Msomaji, lifikirie neno hilo. Mtu mwenye zamu ni mtu anayengojwa na wenzake. Asipokuja, pengo litaonekana. Kwa miaka miwili hapakuwa na mtu aliyemngoja kijana huyu kwa jambo lolote.

Lakini yafaa niseme na upande wa pili. Katika historia ya dunia ziko nyumba nyingi za wagonjwa wa akili ambamo kazi iligeuka kuwa utumwa. Wagonjwa walifua nguo za hospitali, walilima mashamba ya hospitali, wakazeeka humo bila ujira na bila kurudi makwao. Kwa hiyo mtaalamu mwema hujiuliza maswali matatu kabla ya kumpa mgonjwa jembe. Je, kazi hii ameikubali mwenyewe? Je, inamfaa yeye, au inatufaa sisi tu? Na je, itamfikisha nyumbani? Mvuvi wa Pangani akichuma chai mwezi mzima atajifunza tena kuamka mapema, kushika saa na kukaa na wenziwe, na hayo ni faida. Lakini siku ya kurudi kwao atahitaji wavu, wala si kikapu cha chai. Lazima mtu amfikirie huo wavu.

DAWA HII ILITOKA WAPI

Si jambo jipya. Zamani huko Ulaya wenye maradhi ya akili walifungwa minyororo. Katika miaka ya 1790 daktari Mfaransa Philippe Pinel alifundisha kwamba watendewe kama watu, na kazi ikawa sehemu ya matibabu yao. Mwaka 1796 Mwingereza William Tuke, mfanya biashara ya chai na kahawa, alifungua katika mji wa York nyumba ambamo wagonjwa walilima bustani na kushona badala ya kupigwa.

Mwezi wa Machi mwaka 1917, huko Clifton Springs katika Marekani, watu wachache walikutana wakaunda chama cha kueneza tiba hii. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu wa majengo aliyepooza upande wa kushoto wa mwili, naye alijitibu kwa useremala na bustani. Vita kuu mbili zikaongeza haja, maana maelfu ya askari walirudi bila mikono, bila miguu, au akili zimechafuka. Mwaka 1930 Dk. Elizabeth Casson alifungua Dorset House mjini Bristol, chuo cha kwanza cha kazi hii katika Uingereza. Mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana kuwa shirikisho la dunia nzima.

Lakini Mwafrika mmoja alileta somo ambalo Ulaya haikuwa nalo. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyesomea udaktari Uingereza, alianza mpango wake huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Aliwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyoizunguka hospitali, kila mmoja pamoja na ndugu yake. Mchana walitibiwa na kushiriki kazi; jioni walikaa nyumbani kama watu wengine. Tena hakuwadharau waganga wa jadi, bali alishauriana nao, kwa kuwa alijua kwamba mgonjwa aliyeamini kuwa amerogwa hapati amani kwa kuchekwa. Baadaye Tanzania nayo, baada ya uhuru, ilikuwa na vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili. Wazo lilikuwa lile lile: mtu apone mahali panapofanana na kwao.

NJIA YA MOSHI

Basi na tushuke tena Korogwe, tupande gari. Mkono wa kulia tunafuatana na Usambara, tunapita Mombo, kisha milima ya Upare, Same na Mwanga. Mkono wa kushoto ni nchi kavu ya miiba na ng’ombe, na mto Pangani umejificha bondeni. Zaidi ya Himo, kama mawingu ni mapole, utauona Kilimanjaro, mita 5,895, nyeupe kileleni. Abiria hunyamaza kidogo, hata waliouona mara mia.

Kaskazini ya mji wa Moshi, njia ya kuelekea mlimani, ndipo ilipo hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Wengi huijua kwa upasuaji na madaktari wake. Lakini hapo pia hufundishwa vijana wa tiba kwa vitendo, na tangu mwaka 1981 kuna chuo cha mafundi wa viungo vya bandia ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Usimchanganye mtaalamu wa tiba kwa vitendo na yule wa mazoezi ya viungo. Wote wawili ni ndugu, lakini wa mazoezi huuliza, “Je, bega linainuka?” Huyu wa vitendo huuliza, “Bega likiinuka, utafanya nini nalo? Utavaa shati? Utamnyonyesha mtoto? Utaandika ubaoni?” Mimi nalisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na njia yao nalifurahi kuiona inafanana na ya mwalimu mzuri. Kazi kubwa huikata vipande vidogo. Huanza na kipande anachokiweza mgonjwa, kisha huongeza ugumu polepole. Ikiwa mkono hauwezi kukifuata chombo, chombo kibadilishwe kiufuate mkono: mpini wa kijiko unenepeshwe kwa kitambaa, kigoda kiinuliwe, choo kiwekewe mti wa kushika. Tena huitazama nyumba nzima, si kiungo kimoja tu.

MASWALI YA KIGENI

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kazi za kila siku si namna moja duniani kote. Mwaka 1965 huko Marekani kilitolewa kipimo kiitwacho Barthel, ambacho hutumika mpaka leo. Kina vifungu 10 na alama 100: kula, kuoga, kuvaa, kutembea, kupanda ngazi na kadhalika. Ni kipimo kizuri. Lakini maelezo yake juu ya kula hutaja kukata chakula na kupaka siagi. Mama wa Korogwe anakula ugali kwa mkono, ameketi mkekani, kutoka sinia moja na wanawe. Je, umpime kwa siagi?

Kipimo kingine cha mwaka 1969 huwauliza wazee juu ya kupiga simu, kununua vitu, kupika, kufua, kutunza fedha. Watungaji wake walipokitoa, wanaume hawakupimwa kwa kupika, kufua wala usafi wa nyumba. Unaona? Hata huko Marekani desturi iliingia katika kipimo, ila haikuitwa desturi kwa kuwa ilikuwa yao.

Katika wilaya ya Hai, jirani ya Moshi, watafiti wa Kitanzania na Kiingereza walitafuta njia ya kuwatambua wazee wanaopoteza kumbukumbu. Waliona vipimo vya kigeni havitoshi. Basi walizungumza kwanza na watu wa huko, wakatunga maswali mapya juu ya mambo ambayo mzee wa kijijini huyafanya kweli, na kazi yao ikatangazwa mwaka 2014. Fikiri mwenyewe. Mzee wa Kichaga katika kihamba chake hajulikani kwa kufua. Anajulikana kwa kutoa shauri ukoo unapogombana, na kwa kujua jani la sale lipelekwe kwa nani kuomba msamaha. Akishindwa hayo, ndipo nyumba yake huanza kunong’ona.

Na Wajapani nao waliliona tatizo hili. Michael Iwama, mtaalamu mwenye asili ya Kijapani, pamoja na wenzake wa Japani, walichoka na mafundisho yanayomweka mtu peke yake katikati, kana kwamba lengo la kila mgonjwa ni kutomtegemea mtu. Walitumia mfano wa mto, na kitabu cha Iwama kikatoka mwaka 2006. Maisha ni maji yanayokwenda. Shida ni mawe. Kingo na kitako cha mto ni jamaa na mazingira. Magogo yanayoelea ni tabia na mali ya mtu, ambayo huweza kuyasukuma mawe au kuyazuia maji. Kazi ya mtaalamu ni kutafuta nafasi ambamo maji yangali yanapita, akazipanua. Mimi nalipousoma mfano huo nalifikiri juu ya mto wetu Pangani wakati wa kiangazi: mawe yamejaa, na bado maji hupata njia.

NYUMBA MOJA KATIKA PAROKIA YETU

Sasa nikupeleke katika nyumba moja, ili usidhani haya ni maneno ya vitabu tu. Mama mmoja wa makamo katika parokia yetu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, mguu ukawa mzito. Katika hospitali ya kwanza alipewa mpira wa kufinya, na mwanawe wa kiume akaonyeshwa namna ya kumwogesha. Waliporudi nyumbani, mpira ukachezewa na wajukuu, na mama akakataa kuoga. Mwana amwogeshe mama yake? Heri kufa. Watu wakasema, “Ugonjwa umemfanya mkaidi.”

Tena wakwe zake, kwa upendo, walimwondolea kazi zote. Kigoda chake kilitolewa jikoni, mbuzi ya kukunia nazi akapewa mtu mwingine. Chakula alipelekewa chumbani, maana kwa mkono wa kulia hakuweza kula, na kwa wa kushoto aliona haya mbele ya watu. Miezi minne ikapita hivyo. Akakonda, akaacha kusema.

Kisha akaja binti mmoja aliyesomea tiba kwa vitendo. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti kidogo, “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” Akaketi mkekani. Hakutoa mpira. Aliuliza, “Mama, tangu uumwe, ni jambo gani unalokosa zaidi?”

Sisi sote tulidhani atasema kutembea. Mama alikaa kimya, halafu akasema, “Wageni wanakuja nyumbani kwangu, na mimi sijui wamepikiwa nini.”

Yule binti akaanzia hapo. Lakini hakukimbilia jikoni. Alijua kuna neno zito zaidi, nalo likatoka kwa mwana mkubwa: “Dada, mama amefanya kazi miaka 40. Tukimrudisha jikoni naye mgonjwa, majirani watasema tumemtupa.” Binti hakumwambia kwamba desturi yake ni mbovu. Alimjibu, “Kaka, mna haki ya kumtunza. Nakuomba jambo moja: mwite shangazi yenu mkubwa, tuseme naye.” Shangazi akaja, akasikiliza, akaamua: mama hapiki, ila jiko ni lake. Kigoda kirudi. Baada ya neno la shangazi hakuna jirani aliyesema kitu.

Kigoda kikarudi, kimeongezwa miguu ili asishuke chini sana. Siku za kwanza alichagua mchele tu, sinia limeegemezwa kwenye paja la kulia ili ule mkono mgonjwa ulizuie. Kisha akachambua mchicha. Kisha akashika mwiko ulionenepeshwa mpini, mkono wa kushoto ukiuongoza wa kulia. Kuoga akaachiwa binti yake na mjukuu wa kike. Kanga ilishonewa kifungo na kitanzi ili aweze kujifunga kwa mkono mmoja.

Likabaki jambo la kula. Binti hakuamua yeye. Aliwauliza wazee wa nyumba, wa kiume na wa kike: je, mgonjwa akila kwa mkono wa kushoto, anavunja adabu? Walitazamana. Mzee mmoja akasema, “Adabu ni ya mwenye mikono miwili. Anawe vizuri, apewe sahani yake, akae nasi.” Jioni ile alikula sebuleni.

Sitaki nikudanganye, msomaji. Mkono ule haukurudi kama zamani, wala nazi hakuni tena. Lakini mgeni akifika, mama ndiye anayesema wali au ugali, na ukimsalimu hukupa mkono wake wa kulia akiubeba kwa wa kushoto. Amenenepa kidogo. Tena anagombana na wakwe zake juu ya chumvi, nao wanafurahi.

YATUPASAYO

Nimeyaandika haya kwa kuwa katika orodha yetu ya wagonjwa wanaopelekewa komunyo nyumbani wako wengi kama mama yule, na si wote waliopata mtaalamu. Wataalamu hawa bado ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Basi, nikupe shauri kidogo.

Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi, ajali, ukoma au maradhi ya akili, au mtoto aliyezaliwa na ulemavu, waulize hospitalini mapema, “Je, kuna tiba kwa vitendo?” Usingoje viungo vikakaze. Ukimpata mtaalamu, mweleze bila haya desturi za nyumba yako: nani hula na nani, nani aweza kumwogesha nani, mgonjwa husali namna gani, huketi wapi. Asipojua hayo atakupa mazoezi yatakayoachwa siku ya pili. Na wewe uliye mtaalamu, ukisoma gazeti hili, ingia nyumba ya watu kama mgeni mwema. Uliza kwanza, na umtafute yule shangazi, maana kila nyumba inaye.

Na wakati unapomngoja mtaalamu, mpe mgonjwa wako jambo moja dogo ambalo ni lake, lenye saa yake, na ambalo lisipofanyika watu wataona. Ahesabu mayai. Achague maharage. Asikilize habari za redio, kisha awasimulie jioni. Usimfanyie haraka anachoweza kukifanya polepole. Lakini anachokiona aibu, usimlazimishe.

Katika daftari langu la wagonjwa nimepiga mstari nikaongeza safu mpya pembeni ya jina na ugonjwa. Juu yake nimeandika: “Kazi yake nyumbani.” Safu hiyo ingali tupu mahali pengi. Wiki hii, ukirudi nyumbani, mwulize mgonjwa wako lile swali aliloulizwa mama yule, kisha ungoje jibu bila haraka.